Kutoka Falsafa hadi Uhamiaji: Njia ya Mtafiti wa Uzamifu

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba utafiti wa uhamiaji wa kimataifa si milki ya wanajiografia na wanauchumi pekee. Mwanafunzi wa lugha na fasihi ana mlango wake wa kuingilia.

Tuchukue mfano wa Florian Znaniecki, msomi wa Poland. Alihitimu uzamifu wa falsafa mjini Kraków mwaka wa 1910. Swali lililomshughulisha lilihusu thamani: ni mambo gani binadamu huyathamini, na kwa nini? Kisha akaongoza shirika la kuwalinda wahamaji mjini Warsaw. Mwaka wa 1913 alikutana na W. I. Thomas, mwanasosholojia wa Chicago, na mwaka uliofuata akamfuata Marekani. Zao la ushirikiano wao ni The Polish Peasant in Europe and America, juzuu tano zilizochapishwa kati ya 1918 na 1920.

Linalotuhusu zaidi ni data yao. Walichanganua mamia ya barua za familia, pamoja na tawasifu ndefu ya mhamiaji mmoja. Katika salamu, lawama na maombi ya fedha, swali la kifalsafa lilipata ushahidi. Usomaji makini wa matini kama hizo ndio ujuzi tunaofunzwa katika fasihi.

Aidha, sarufi yetu inatupa zana. Kuhama ni kuondoka mahali. Kuhamia, katika kauli ya kutendea, ni kwenda kukaa kwingine. Mtu yule yule ni mhamaji kwa jamaa aliowaacha na mhamiaji kwa wenyeji wanaompokea. Anayechunguza upande mmoja tu amepata nusu ya habari. Znaniecki na Thomas walizichunguza pande zote mbili.

Nchini Kenya, kambi ya Dadaab ilianzishwa mwaka wa 1991, na Kakuma mwaka wa 1992. Wakimbizi wengi kutoka Kongo walioko Kakuma huzungumza Kiswahili. Mtafiti wetu anaweza kuwasikiliza bila mkalimani. Hata hivyo, ukaribu huo una dhima. Simulizi ya mkimbizi si hadithi ya kubuni: jina la kijiji likifichuliwa, jamaa waliobaki nyuma wanaweza kudhurika. Idhini ya msimulizi na usiri hutangulia uchanganuzi.

Kwa kuhitimisha, mtahiniwa wa uzamifu asiliache swali lake la awali ili aitwe mtafiti wa uhamiaji. Aingie nalo, kisha awasikilize wanaohama na waliobaki.