Sanduku la Nkambo

Mwaka 1959 palikuwa na bibi mmoja katika mji wa Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966. Wajukuu wake walimwita Nkambo. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa shaba. Miaka mingi alisimama karibu na tanuru kubwa ambamo mawe ya shaba huyeyushwa, naye na mke wake walikaa katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi. Mzee huyo alipokufa, nyumba ilimngojea mfanyakazi mwingine na jamaa yake. Basi Nkambo akahamia Katuba, kwa binti yake.

Nyumba ya binti ilikuwa ndogo. Nkambo akapewa chumba kimoja pamoja na wajukuu wawili, msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 8. Alifika na sufuria zake, mikeka, viti viwili, na sanduku kubwa la mbao. Ndugu za marehemu walikuwa wamekwisha kugawana vitu vyake siku ya kuondoa kilio, kama ilivyo desturi. Walichukua baiskeli, kitanda na mavazi mapya. Vile walivyoviacha ndivyo vilivyokuwamo sandukuni.

Sanduku lilikaa mahali pa kitanda cha mvulana. Ikawa mvulana analala chini, juu ya mkeka. Mji ule umejengwa juu sana, zaidi ya meta 1,200 kupita usawa wa bahari, na katika mwezi wa sita na wa saba usiku wake ni wa baridi. Mtu aliyezaliwa kandokando ya Ziwa Tanganyika hasadiki mpaka alale huko usiku mmoja. Sakafu ya sementi huwa kama maji ya kisima. Mvulana akaanza kukohoa.

Mama yake akasema, “Mama, tufungue sanduku tuone kilichomo. Kisichofaa tena tukitoe.”

Nkambo akajibu, “Baba yenu yumo humo. Mnataka nimtoe nyumbani mara ya pili?”

Binti akanyamaza, kwa maana yeye pia alikuwa mtoto wa mzee huyo.

Lakini msichana hakunyamaza moyoni mwake. Wiki ile mwalimu alikuwa amewasimulia habari za Mtakatifu Fransisko wa Assisi, aliyekufa mwaka 1226. Siku za Kwaresima Fransisko alichonga chombo kidogo, ili asikae bure saa za mapumziko. Alikipenda. Siku moja alipokuwa akisali sala ya saa tatu, macho yake yakaangukia kile chombo, na mawazo yake yakaiacha sala yakaenda huko. Alipoona hivyo alihuzunika. Sala ilipokwisha akakitupa chombo motoni mbele ya ndugu zake.

Msichana akawaza, “Kumbe ndivyo inavyopasa kufanya!”

Siku ya Dominika Nkambo alikwenda Misa ya kwanza. Msichana akabaki kumtunza mdogo wake. Akainua kifuniko cha sanduku, akaona juu kabisa viatu viwili vilivyokatika visigino, na kikombe cha bati chenye tundu chini. Akasema, “Hivi havimfai mtu yeyote.” Akavichukua mpaka kwenye shimo la takataka nyuma ya lupango, akawasha moto. Alifurahi sana. Alidhani Nkambo atakaporudi ataona nafasi sandukuni na kushukuru.

Nkambo aliporudi aliona moshi. Akaenda shimoni asiseme neno. Akachukua kijiti, akachokora majivu polepole mpaka akakipata kile kikombe, kimekuwa cheusi. Viatu vilikuwa vimekwisha kuungua. Akakaa chini ukingoni mwa shimo, na kikwembe chake cha Misa, akakipakata kikombe kama mtoto mchanga.

Mzee alipokuwa hospitalini wiki yake ya mwisho, alinywea maji katika kikombe kile. Mikono yake haikuwa na nguvu tena. Nkambo ndiye aliyekishika, na kidole chake ndicho kilichoziba tundu.

Kesho yake msichana alikwenda kwa mama mtawa aliyewafundisha kushona, akamweleza yote. Alitumaini kuambiwa kwamba amefanya vema, maana alifanya kama mtakatifu. Mama mtawa akamwuliza:

“Chombo alichokichoma Fransisko kilikuwa cha nani?”

“Kilikuwa chake, Mama.”

“Na kikombe kilikuwa cha nani?”

Msichana akatazama chini.

Ndipo mama mtawa akamsimulia habari nyingine ya Fransisko, ambayo hakuisikia shuleni. Mwanamke mmoja mzee, mama wa ndugu wawili wa utawa wake, alikuja kuomba msaada. Nyumbani hapakuwa na kitu cha kumpa. Palikuwa na kitabu kimoja tu, Agano Jipya, ambacho ndugu walisomea masomo ya sala za usiku. Kilikuwa Agano Jipya la kwanza kupata katika utawa wao. Katika siku zile vitabu viliandikwa kwa mkono, hata kimoja kilikuwa na bei kubwa. Fransisko akaagiza apewe yule mama akiuze, apate chakula. Kitabu hakikutupwa, wala hakikuwa kibovu. Kilitolewa kwa sababu mtu fulani alikihitaji siku ile.

Jioni msichana alikisugua kikombe kwa mchanga na majivu mpaka kikang’aa. Akapiga magoti. “Nkambo, unisamehe.”

Nkambo akakigeuza kikombe huku na huku. “Umekiosha kuliko nilivyokiosha mimi,” akasema. Kisha akanyamaza kitambo. “Siku ya posho utafungua sanduku pamoja nami. Mimi nitasema, wewe utasikiliza. Usitoe kitu kabla sijasema.”

Siku ya posho walilivuta sanduku nje juani. Walipoliinua, udongo ukadondoka chini yake. Mchwa walikuwa wamepanda kupitia ufa wa sakafu na kuila mbao ya chini. Mchwa hula mbao, karatasi na pamba, nao hupenda kufanya kazi gizani ndani ya vijia vyao vya udongo, kwa hiyo mwenye sanduku haoni kitu mpaka siku linapovunjika. Lingewekwa juu ya mawe manne, na kutazamwa kila mwezi, wangeonekana mapema.

Kitu cha kwanza kilikuwa kikwembe cha rangi ya buluu, ambacho mzee alimnunulia Nkambo kwa mshahara wake wa kwanza. Mchwa wameila ncha moja. Nkambo akasimulia siku ile ya mshahara: mvua ilivyonyesha, na jinsi mzee alivyokificha kikwembe ndani ya shati lake kisilowe, akafika nyumbani yeye mwenyewe akiwa amelowa kama samaki. Msichana akacheka. Akaenda kuchukua daftari yake, akaandika. Tangu hapo kila kitu kilipotoka sandukuni, habari yake iliingia daftarini. Kazi ilikwenda polepole sana, na mpaka adhuhuri walikuwa wametoa vitu sita tu. Kipande cha kikwembe kilichobaki kizima kikakatwa, kikawa cha kumbebea mtoto mchanga wa jirani.

Chini ya kikwembe palikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na msalaba wa shaba, mikono yake minne ikilingana, mzito, wenye rangi ya kijani. Mvulana alidhani ni wa kanisani. Sivyo. Ni fedha za wazee. Zamani sana, kabla ya faranga, mafundi wa Katanga walichimba mawe ya kijani yaitwayo malakiti, wakayayeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina shaba katika vijungu vya udongo au mchanga vyenye umbo la msalaba. Misalaba ile ilitumika kununulia vitu na kulipia mahari. Hata ilizikwa pamoja na watu. Huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale, wataalamu walichimbua makaburi ya zamani mwaka 1957 na 1958, wakakuta misalaba ya shaba pamoja na vyungu vizuri kando ya mifupa. Walioweka vile vyungu walitoa vitu vyema kabisa, wakavifunika kwa udongo, wakarudi nyumbani bila vitu hivyo. Shaba haili kutu kama chuma. Juu yake hufanya ngozi ya kijani tu, nayo huilinda.

Nkambo akasema, “Huu ulitoka kwa babu yake mzee. Si wangu kuutoa, wala si wangu kuuficha.” Akatuma habari kwa mwana wake wa kwanza aje auchukue.

Mwisho kabisa, chini ya sanduku, palikuwa na koti. Lilikuwa koti nene la sufu, ambalo mzee alilivaa alipokwenda kazini alfajiri. Nkambo alikuwa amelikunja siku ya mazishi, wala hakulifunua tena. Hakulifua pia, kwa sababu lilikuwa bado na harufu yake. Alipolifunua, vipepeo wadogo wa rangi ya majani makavu wakaruka, na mkono wa kushoto ulikuwa na matundu.

Hao ni nondo. Watu hudhani kwamba kipepeo huyo ndiye anayeila nguo. Kumbe kipepeo hali kitu. Jike hutaga mayai katika sufu, na mayai huwa viwavi vidogo vyeupe. Hivyo ndivyo vinavyokula. Hula sufu, manyoya na nywele, na hasa hupenda nguo yenye jasho iliyowekwa gizani bila kuguswa. Nguo ambayo mtu huivaa kila siku, akaikung’uta na kuianika juani, viwavi havina raha ndani yake, huanguka na kufa. Kwa hiyo koti lililofungiwa kwa upendo liliharibika, na makoti ya wafanyakazi wenzake mzee, yaliyokwenda kazini kila siku na kupata vumbi na mvua, hayakuwa na tundu la nondo.

Nkambo akaleta uso wake karibu na koti. Harufu ya mzee haikuwamo tena. Mlikuwamo harufu ya ukungu tu.

Akalia, na msichana hakuandika.

Kisha Nkambo akalitundika koti juani siku nzima, akalipiga kwa fimbo, akalisugua kwa brashi ndani ya mifuko na chini ya ukosi, mahali mayai yanapojificha. Akayaziba matundu kwa uzi mweusi. Katika njia ile alipita kila jioni mzee mmoja, zamu wa duka, aendaye kulinda usiku kucha akiwa amejifunika gunia mabegani. Nkambo akamwita.

“Baba, jaribu hili.”

Zamu akalivaa. Mabega yalimtosha. Akasema, “Mama, nitalipa namna gani?”

“Lipitishe nje wakati wa usiku,” Nkambo akajibu. “Huku ndani linaliwa.”

Watu wangedhani kwamba Nkambo atalishika koti lenye bei na kukitupa kikombe chenye tundu. Alifanya kinyume. Kikombe alikiweka dirishani mwake, na hakuna aliyemwuliza sababu. Seremala akazitoa mbao nzima za sanduku, akatengeneza kitanda kifupi, na mvulana akainuka kutoka sakafuni. Msimu ule kikohozi chake kilikwisha.

Lakini jambo lile halikuwa jepesi kama linavyosomwa hapa. Jioni ya kwanza zamu alipopita na koti, Nkambo alikuwa akipepeta unga mlangoni. Alimwona kwa nyuma, yale mabega, ule ukosi, na mwendo wa mtu aendaye kazini. Ungo ukamponyoka mkononi. Jioni ya pili alikaa ndani mpaka zamu apite. Jioni ya tatu vivyo hivyo. Binti yake akamwuliza, “Mama, unajuta?” Nkambo akasema, “Sijui.”

Jioni ya nne alitoka, akasimama penye mlango wa lupango, mikono imefungwa kifuani. Zamu akamwamkia kwa heshima. Nkambo akamtazama tangu ukosi mpaka chini.

“Kifungo cha pili kinaning’inia,” akasema. “Mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo, hakushona kifungo hata siku moja. Ngoja hapo.”

Akaingia ndani kutafuta sindano.

Maulizo

1. Kwa nini mvulana alilala sakafuni?
2. Msichana alielewa vibaya nini katika habari ya chombo cha Mtakatifu Fransisko?
3. Eleza jinsi nondo wanavyoharibu koti la sufu. Kwa nini hawaliharibu koti linalovaliwa kila siku?
4. Misalaba ya shaba ilitengenezwaje? Ilitumika kwa kazi gani?
5. Katika daftari yako, andika habari ya kitu kimoja cha zamani kilichomo nyumbani kwenu. Kwanza mwulize mwenyewe akusimulie.