SOMO LA FAMILIA: NYUMBA IMEKUWA NDOGO, TUFANYE NINI?

Soma: 2 Wafalme 6:1-7, Yeremia 28 na 29:4-7, Luka 14:28-30



Wengi wetu tuliingia kambini na watoto wawili. Leo wako sita, na binti mkubwa analala chumba kimoja na kaka zake. Je, tuongeze chumba, au tungoje siku ya kurudi? Swali hili linagombanisha mume na mke. Tulipeleke kwenye Neno.

1. Kujenga si kukosa imani. Hanania alitabiri kwamba mateka wa Babeli watarudi ndani ya miaka miwili. Haikuwa hivyo. Yeremia aliwaandikia wajenge, wakae, walime bustani. Nasi tusipange maisha kwa uvumi. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walikaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu hadi mwaka 2014 ndipo wengi wakapewa vyeti vya uraia. Lakini kambi ya Mtabila ilifungwa mwaka 2012. Kwa hiyo tujenge kwa haja ya watoto, si kwa kushindana na jirani.

2. Waliomba ruhusa. Wana wa manabii walipoona mahali ni padogo, walimwendea kwanza Elisha. Nasi tuanze ofisi ya kambi, kisha tuongee na jirani tunayepakana naye.

3. Kila mtu alibeba boriti moja. Mjane hawezi kufyatua matofali peke yake. Tumsaidie wakati wa kiangazi, kabla mvua haijayeyusha matofali mabichi. Tena tufukie mashimo ya udongo, mtoto asije akazama.

4. Shoka lilikuwa la kuazima. Lilipozama, aliyeliazima alilia. Mungu alilirudisha, ila tusimjaribu kwa madeni. Anayeuza posho ya mwezi ili anunue bati anapata chumba kikubwa na sufuria tupu. Yesu anatufundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Fedha zikiwa chache, ukuta mmoja wa kugawa chumba unamtosha binti kwa mwaka huu.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
a) Ni nani kati yetu anayeumia zaidi kwa ufinyu wa nyumba?
b) Tukijenga, watoto watakula nini mwezi huo?
c) Ni jirani gani anayehitaji boriti yetu?

Tuombe: Bwana, utupe hekima ya kujenga hapa, na moyo mwepesi wa kuondoka siku utakapotuita. Amina.