Wanaojitolea na Uzazi Salama Mbele ya Wanasiasa

Swali: Kikundi cha kujitolea huko Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, kifanye nini ili wanasiasa wawajali wajawazito?

Jibu: Kwanza kikundi kijue nani huamua lipi, kwa kuwa diwani hupiga kura katika baraza la halmashauri, panapopangwa fedha za gari la wagonjwa, ilhali mbunge husemea bajeti ya taifa katika mkutano wa Bunge unaoanza Aprili jijini Dodoma; hivyo ombi linalofika Mei kwa kawaida huwa limechelewa.

Muungano wa Utepe Mweupe Tanzania ulionyesha njia mkoani Rukwa, ulipodai bajeti ya huduma kamili za dharura za uzazi, yaani zile zenye upasuaji na kuongezewa damu, baada ya kukagua vituo vyenyewe. Ukaguzi huo ndio uti wa mgongo wa dai lolote. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16, nayo ni nafuu kubwa, ingawa lengo la dunia ni chini ya 70 ifikapo 2030. Hata hivyo, diwani huguswa zaidi na daftari linaloonyesha saa anazotumia mama mwenye uchungu kutoka Bunduki hadi Morogoro mjini wakati wa masika, barabara ikiteleza. Majina ya marehemu yasitajwe bila ridhaa ya familia, na ahadi ya kiongozi iandikwe kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji, ili mkutano unaofuata uiulizie.