Madoa Meusi Usoni: Tujitibu Bila Kujichubua



Ndugu zangu, darsa ya toleo hili inahusu jambo linalowasumbua wengi mabwenini, wavulana kwa wasichana: madoa meusi yanayobaki usoni baada ya chunusi. Mtu huona haya, huenda sokoni Konyo Konyo au Custom, hununua kikopo cha krimu asichojua kina nini ndani, na mwishowe uso huharibika kuliko mwanzo. Tuelewe kwanza doa ni nini, ndipo tuijue dawa yake.

DOA HUTOKEA VIPI?

Allah ameweka katika ngozi chembe zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Rangi hii ni kinga yetu dhidi ya jua. Ngozi ikiumia kwa chunusi, upele, kuumwa na mbu, kunyoa au kuungua, chembe hizo hutoa rangi kupita kiasi mahali hapo. Kidonda hupona, rangi hubaki. Sisi wenye ngozi nyeusi hupata madoa haya zaidi, kwa kuwa chembe zetu hutengeneza melanini nyingi. Basi doa si uchafu, wala halitoki kwa kusuguliwa na dodoki. Kusugua ni kuumiza upya, na kila jeraha jipya huongeza weusi.

Yapo pia madoa mapana ya mashavuni na kwenye paji la uso, yaitwayo melasma. Hayo huchochewa na jua, ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango.

Na sugu ya sijda je? Hiyo hutokana na ngozi kukandamizwa na kusuguliwa, sawa na weusi wa vifundo vya miguu. Surat al-Fat'h, aya ya 29, inataja alama za sijda nyusoni, na miongoni mwa wafasiri, Mujahid ameieleza kuwa ni unyenyekevu. Kwa hiyo tusimpime mtu kwa sugu, na kuswalia zulia laini hakupunguzi kitu.

MATIBABU YA HALALI NA SALAMA

1. Ondoa chanzo. Usiminye chunusi. Duka la dawa lenye mfamasia lina dawa za kupaka kama benzoyl peroxide na adapalene.

2. Jikinge na jua. Juba iko karibu na nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta. Paka mafuta ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi, na urudie kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kwa melasma, yanafaa zaidi yale yenye rangi ya ngozi. Usipoyamudu, kivuli, kofia na mtandio ni kinga pia. Kama mafuta ni mazito na yanazuia maji kufika kwenye ngozi, yaoshe kabla ya kutawadha.

3. Tumia dawa ya doa lenyewe, kama azelaic acid au niacinamide. Dawa za jamii ya retinoid, pamoja na adapalene, asitumie mama mjamzito.

4. Vuta subira. Doa la juu juu huchukua miezi kadhaa kufifia. Lililozama ndani huweza kupita mwaka. Anayekuahidi uso mpya ndani ya siku saba anakuuzia hatari.

SUMU TATU ZA MKOROGO

Ya kwanza ni zebaki, ambayo kwenye lebo huweza kuandikwa mercury au calomel. Hupenya ngozi na kuharibu figo na neva. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi hivi.

Ya pili ni hydroquinone. Daktari wa ngozi huweza kuitoa kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Ikitumiwa ovyo kwa muda mrefu, huleta weusi wa kibuluu usiotoka kwa urahisi. Madaktari wa Afrika Kusini walieleza madhara hayo mwaka 1975. Ajabu ni kwamba mtu alikimbia doa dogo akapata kubwa zaidi.

Ya tatu ni steroidi kali kama clobetasol na betamethasone. Hizi hukondesha ngozi, huleta chunusi mpya na michirizi. Aliyezitumia muda mrefu asiziache ghafla. Amwone daktari kwanza.

HUKUMU NA NIA

Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, na ametukataza kujidhuru na kudhuru wengine. Wanavyuoni hutofautisha kuondoa kasoro iliyoletwa na ugonjwa na kubadilisha umbile alilotuumba nalo Allah, jambo lililoonywa katika Surat an-Nisaa, aya ya 119. Kutibu doa ili ngozi irudie rangi yake ni tiba. Kuichubua ngozi nzima ili uwe mweupe ni jambo jingine kabisa. Surat ar-Rum, aya ya 22, imehesabu tofauti za rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Allah. Weusi wa Mdinka, Mbari au Mnuer ni ishara, si maradhi.

NENDA HOSPITALI UKIONA HAYA

- Baka lisilohisi mguso wala maumivu: huenda ni ukoma, nao unatibika.
- Muwasho usioisha pamoja na ngozi kubadilika rangi, hasa kwa waliokaa kando ya mito iendayo kasi: huenda ni usubi.
- Doa linalokua au kutoka damu kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha: huenda ni saratani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA HALAKA

1. Kwa nini kusugua doa hulizidisha?
2. Kuna tofauti gani kati ya kutibu doa na kujichubua?
3. Krimu iliyo chumbani kwako ina nini ndani? Soma lebo yake leo.

Wabillahi tawfiq.