Jicho Jekundu: Kabla Hujaandika Dawa

Mgonjwa mwenye jicho jekundu huanzia duka la dawa, kisha zahanati. Kwetu madaktari wa macho hufika mwisho, na mara nyingi amechelewa. Kwa hiyo majibu haya nimewaandikia wale wanaomwona mapema.

Zahanati yetu haina darubini ya macho. Nitajuaje kama ni macho mekundu ya kawaida au ni jambo zito?

Pima uoni kwanza, wekundu utausubiri. Chati ya herufi E, umbali wa mita 6, jicho moja moja. Kama chati hakuna, mwoneshe vidole ahesabu. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na hakuna kisingizio, maana haihitaji umeme wala bajeti. Mwenye macho mekundu ya virusi akifutwa tongotongo na kupepesa, kwa kawaida huona vizuri. Anayebaki na ukungu, hofia kioo cha jicho au ndani yake.

Kisha tazama wekundu umekaa wapi. Ukitapakaa na kukolea kuelekea kwenye kope, huenda ni utando wa nje tu. Ukizunguka kioo cha jicho kama pete, na mgonjwa anakwepa mwanga, shuku kidonda au uvimbe wa ndani. Linganisha mboni pia. Iliyosinyaa au kupoteza uduara huashiria uvimbe wa ndani. Iliyotanuka kiasi na haishtuki kwa tochi, huku kioo kimefifia, ni dalili ya presha ya macho ya ghafla. Huyu huumwa kichwa na kutapika, na ni rahisi kumpa dawa ya malaria akarudi nyumbani kupofuka. Kama una asetazolamidi, na hana mzio wa salfa wala ugonjwa wa figo, mpe miligramu 500, kisha asafiri siku hiyohiyo.

Mwanzoni mwa 2024 Dar es Salaam ilijaa macho mekundu, na kila mtu alitaka antibayotiki. Tuwape?

Hapana. Virusi havisikii antibayotiki. Milipuko ya namna hii si migeni: ule wa Ghana wa 1969 watu waliupa jina la Apollo, kwa kuwa ulizuka wakati wa safari ya mwezini. Wengi hupona katika wiki moja au mbili kwa kitambaa cha maji baridi, taulo la peke yao na kunawa mikono. Mkojo, chai ya rangi na maji ya majani havina nafasi jichoni. Na tusijisahau sisi: mikono ya mhudumu na ncha ya chupa ya matone inayogusa kope ya kila mgonjwa husambaza ugonjwa kuliko daladala.

Mkulima amekwaruzwa na jani la mahindi. Nianzie wapi?

Weka karatasi ya floresini, kisha mulika kwa tochi ya mwanga wa buluu. Palipochubuka patang'aa kijani. Kama ni mchubuko mtupu, bila doa jeupe, mafuta ya kloramfenikoli mara 3 kwa siku kwa siku 3 yanatosha. Utafiti wa Bhaktapur, Nepal, uliochapishwa 2001, ulionesha kwamba walioanzishiwa ndani ya saa 18 hawakupata kidonda. Mtazame tena kesho yake.

Ukiona doa jeupe, hicho sasa ni kidonda. Majani na makapi ya mpunga huingiza fangasi, na kidonda chake huwa na kingo zenye manyoya, wakati mwingine na vidoa vidogo pembeni. Dawa yake ni natamaisini ya asilimia 5, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Ni heri kuwa nayo kwenye orodha; kuipata kwenye kabati ni habari nyingine. Mpe rufaa.

Ninachokuomba usifanye ni kumpa matone yenye deksamethasoni, hata yakichanganywa na antibayotiki. Jicho litatulia, wekundu utapungua, mgonjwa atakushukuru. Chini yake fangasi, au hepesi, itaendelea kula kioo bila kizuizi. Na mtoto mwenye mzio wa macho anayejinunulia matone hayo mwezi baada ya mwezi anaweza kuishia na mtoto wa jicho au presha ya macho.

Mgonjwa anaomba chupa ya matone ya ganzi aende nayo, kwa sababu yanamtuliza.

Usimpe kamwe. Ganzi ni ya kupimia. Ikitumika nyumbani, huzuia kidonda kupona na hukitoboa kioo.

Mtoto wa siku 3 ana usaha mwingi na kope zimevimba.

Ni dharura. Kisonono huweza kutoboa kioo ndani ya saa 24. Safisha macho kwa maji ya chumvi ya hospitali na umpeleke mtoto kwenye kituo chenye seftriaksoni ya sindano. Wazazi wote wawili watibiwe, baba asiachwe nje ya mlango.

Rufaa niiandikeje ili isaidie?

Uoni wa kila jicho, saa tatizo lilipoanza, kilichomwingia, na kila dawa aliyotia, pamoja na ile ya kienyeji ambayo hatakutajia usipomwuliza kwa upole. Akiwa na chupa ya matone, aje nayo hata kama imekwisha.