Samaki Wawindaji Katika Tangi la Sikilidi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Ninaitwa kuangalia matangi yaliyoharibika, na karibu kila mara kosa lilifanyika siku ya kununua. Samaki hakujichagulia jirani. Ulimchagulia wewe.

Fanya: chagua ziwa kwanza

Amua: Nyasa au Tanganyika. Kwa Nyasa, chukua Nimbochromis venustus, Nimbochromis livingstonii au Dimidiochromis compressiceps. Kwa Tanganyika, chukua Cyphotilapia frontosa. Tangi likiwa dogo, chukua Altolamprologus calvus, asiyezidi sentimita 15. Wote wamezoea maji magumu yenye pH inayozidi 7.5.

Usifanye: usilete mgeni wa Amazon

Piranha na oskari asili yao ni maji laini yenye asidi. Ukiwaridhisha hao, umewatesa sikilidi. Piranha, juu ya hayo, hukata mapezi ya wenzake.

Fanya: pima mdomo wa samaki aliyekomaa

Venustus wa sentimita 6 unayemwona dukani atafika 25. Nunua kwa kipimo hicho cha pili. Kila mwenzake awe angalau nusu ya urefu wake, tena mwenye mwili mpana. Tangi lake liwe na lita 500 au zaidi.

Jifunze pia namna kila mwindaji anavyowinda. Livingstonii hulala ubavu mchangani kama mzoga. Kisamaki kikisogea kudonoa, kimekwisha. Compressiceps ni mwembamba, hujificha kwenye majani na kuvizia. Ukimwona ametulia, usidhani ni mpole. Yuko kazini.

Usifanye: usimweke mwindaji na mbuna, sikilidi wa mawe wa Nyasa

Hili ndilo kosa ninalolikuta kila mahali. Watu hupima mdomo, wakaona mbuna mkubwa hamezeki, wakaridhika. Wamesahau chakula. Mbuna wengi hukwangua mwani kwenye mawe na utumbo wao ni mrefu. Mwindaji anataka nyama. Ukitupa dagaa na kamba kwa ajili yake, mbuna ndiye anayefika wa kwanza. Baada ya muda tumbo linavimba, anaacha kula, anakufa. Tropheus wa Tanganyika, naye mla mwani, hufa vivyo hivyo. Wakati huohuo mbuna, kwa ukorofi wake, atakuwa amemsumbua mwindaji mpaka akajibanza pembeni.

Usifanye: usiweke gogogo mdogo

Gogogo (Synodontis) akishikwa husimamisha miiba yake na kuifunga. Hukwama kooni. Nimewahi kutoa venustus na gogogo wakiwa wamekufa pamoja, mmoja mdomoni mwa mwingine. Weka gogogo mkubwa, au usiweke kabisa.

Fanya: dume mmoja kwa kila aina

Madume wawili kwenye kioo hawana pa kukimbilia. Mpe dume majike watatu au wanne. Usichanganye venustus na livingstonii: watazaliana, nawe utagawa machotara wasiojulikana asili yao.

Usifanye: usilishe samaki hai wala moyo wa ng'ombe

Samaki hai huleta vimelea, na humfundisha mwindaji kuwakodolea macho majirani. Mafuta ya ng'ombe tumbo la samaki haliyamudu. Toa kamba, vipande vya samaki na chembe za chakula bora, kisha badilisha theluthi ya maji kila wiki. Mwindaji huchafua sana, na amonia huwa sumu kali zaidi pH inapopanda.

Usifanye: usifuge kuhe

Kuhe, sikilidi mkubwa wa Tanganyika, huzidi sentimita 60. Mwache ziwani.

Usifanye: usimwage samaki mtoni wala ziwani

Hata Tanganyika si kwao samaki wa Nyasa. Sangara alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu, sikilidi wa ziwa hilo, zilikuwa zimetoweka. Samaki aliyekushinda mrudishe dukani, au mpe mwenye tangi kubwa kuliko lako.