Sukari ikishuka ghafla

Ukitumia insulini au glibenklamaidi, usiogope sukari kupanda tu. Kushuka ndiko kunakoangusha mtu ghafla. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu: pima. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au kipimo hakipo karibu, usingoje.

Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji unywe, au nusu ya soda ya mililita 300. Soda isiyo na sukari haisaidii kitu. Chokoleti huchelewa kwa sababu ya mafuta. Pima tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado chini, rudia. Kisha kula chakula. Glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, hivyo sukari inaweza kushuka tena. Nenda kituo cha afya.

Aliyezimia asinyweshwe chochote. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Umefunga Ramadhani? Ikifika chini ya 3.9, fungua papo hapo, hata kama magharibi imekaribia.

Sukari ikipanda na kushuka ovyo, usikisie dozi. Andika vipimo, saa za kula na kazi ulizofanya (kulima huishusha hata saa kadhaa baadaye), umpelekee daktari.